Mpangaji wa Mke Mwenzangu

Baba Nuru,

Assalamu alaikum. Watu wakipita makaburini huwasalimu waliolala huko. Mimi huko siwezi kufika kwa sasa, basi ipokee salamu yangu kwenye karatasi. Bado niko edani. Nimevaa nyeupe, sivuki kizingiti cha ua, nimekaa kwenye kiti chako chenye mto uliochakaa, na naandikia pajani kwa sababu meza imejaa mipira ya maji na vikombe. Ungeniona ungecheka. Nakuandikia kwa sababu nina swali, na mwenye jibu ni wewe peke yako.

Swali lenyewe unalijua. Nimekuuliza tangu Nuru wetu ananyonya mpaka ameolewa Nairobi: ulikuwa unaangalia nini ndani ya kile kioo?

Maana, tuseme kweli. Mchana kutwa ulishinda na samaki kule karibu na uwanja wa ndege. Unawatia wale samaki wa mapambo kwenye mifuko, unawajazia hewa, unawafunga, wanapelekwa kuruka nchi za watu. Ungedhani mtu akirudi Magongo jioni amewachoka. Wapi! Unaoga, unaswali magharibi, unavuta kiti, unakaa mbele ya tangi lako la maji ya bahari kuangalia samaki. Muuza maandazi gani akirudi nyumbani hukaa kuangalia maandazi? Nilikuwa nikikuambia hivyo, nawe unacheka kwa mabega tu, bila sauti, na uso hauutoi kwenye kioo.

Kila aliyekuwemo humo alikuwa na ila yake. Huyu pezi limechanika, yule jicho limevimba, mwingine amechubuka na mnunuzi hatamtaka. "Huyu amekosa ndege," ungesema ukiingia na kimfuko mkononi, "tumpe pa kulala." Nyumba yetu ikawa hoteli ya waliokosa ndege. Nami nikaliita tangi mke mwenzangu, mbele yako na mbele ya majirani, kwa sababu lilikuwa na taa yake, mashine yake na zamu yake ya kila jioni ambayo haikukosa hata siku ya Idi. "Mke mwenzako hana kelele," ulinijibu siku moja. Nikakuambia huyo ndiye wa kuogopwa.

Na kelele alikuwa nazo. Kwenye lile jiwe kubwa la kushoto, lenye matundu kama mkate wa kibibi, kulikuwa kunatoka mlio. Tak! Mmoja tu, mkavu, kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti. Wewe ukasema ndani kuna mpangaji. Mimi nikasema ni mashine ya maji inataka kufa. Tukabishana miaka nenda miaka rudi. "Kodi hatoi na uso haonyeshi," ulikuwa ukisema kwa fahari, kama mwenye nyumba wa ghorofa. Hukuwahi kumwona hata siku moja. Ndiyo maana ulikuwa unazima taa ya tangi ndipo ukae kuangalia, ukidai mpangaji anapenda giza. Nami nikamwambia Nuru, mwanangu, baba yako ndiye mtu wa kwanza Mombasa hii anayezima taa ili aone.

Na kuna lile jambo lingine ambalo sikulielewa kabisa. Umekaa sebuleni umenipa mgongo, mimi niko jikoni nyuma yako, mlango uko wazi, hugeuki. Halafu unasema, "Rukia, hiyo chumvi ya pili sasa." Au, "Rukia, shuka kwenye stuli hiyo, mguu mmoja mbovu." Au nimejiinamia kwenye sufuria nakwangua ukoko wa wali wa nazi, sijatia hata kipande mdomoni, nasikia, "Niachie na mimi." Nikikuuliza umejuaje, jibu lilikuwa moja maisha yako yote: "Samaki wameniambia." Nilidhani ni pua yako. Kisha nikadhani ni masikio. Mwishowe niliacha kudhani, nikakuona una macho kisogoni kama walimu wa chuo cha Kurani.

Sasa nikupe habari za huku, maana mengi yamepita tangu moyo wako uliposimama asubuhi ile kabla hujamaliza chai.

Tanzia yako ilijaa. Watu walitoka Kisauni, Likoni, Miritini, wengine siwajui. Wanawake walijaa sebuleni mpaka ukumbini, na katikati yao mke mwenzangu anang'aa na taa zake za buluu. Mashangazi wakamwona. Mmoja akasema, viumbe hawa walikuwa wakilishwa na marehemu, na sadaka ni sadaka, tuwalishe thawabu zimfikie. Akamega mahamri akadondosha. Samaki wakaja mbio. Watu wakafurahi, wakalia, wakamega tena. Watoto nao wakapanga foleni. Baba Nuru, wallahi samaki wako walikula mahamri, mkate wa mofa, wali wa pilau, na mtu mmoja mpaka leo hajajitaja aliwatilia sambusa. Mimi nilikuwa chumbani nimefunikwa leso, sina habari. Nilipotoka maji yalikuwa meupe kama uji wa mchele na yananuka, na wale wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, uliowapenda kuliko wote, walikuwa wanaelea kwa ubavu.

Hawakubaki. Walikufa wote, kwa mapenzi tu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na sikuweza kumkasirikia mtu, maana kila aliyetia tonge alikuwa anakuombea. Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi, na wanawake wakanibembeleza wakidhani nakulilia wewe. Nilikuwa nakulilia wewe.

Ndipo akaja mwenzako Kazungu, mpiga mbizi wenu wa Likoni, aliyekuwa akiwaletea samaki kazini. Mimi nikaingia ndani, yeye na vijana wawili wakavuta maji yote machafu kwa mpira, wakasuuza mawe kwa maji mapya ya bahari, wakaacha maji kimo cha kiganja tu chini ili mawe yasikauke. Mashine wakaichomoa. Kazungu akasema nje ya pazia kwamba atarudi kuyachukua mawe ayarudishe baharini. Nikalifunika tangi kwa leso yangu ya kisutu, nikaona yamekwisha.

Hapo akaingia dada yako. Wifi Mwanaisha unamjua, huzuni yake haikai bila kazi. Alikuwa akinipikia kila siku, Mungu amlipe, na siku moja akiwa anafagia akasimama mbele ya tangi akaligonga kwa ukucha. "Kioo kizuri hiki," akasema. "Kingelala, kikatiwa kifuniko, ningepanga mahamri humu na viazi karai upande wa pili, na nzi wangeona kwa macho tu." Kabati lake la kuuzia mahamri pale kituoni limevunjika kioo, nawe ulimwahidi kumtengenezea. Nikamwambia achukue.

Alitaka kulibeba kesho yake. Alasiri ya siku ile ile nilikuwa peke yangu. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, hakuna redio kwa jirani, hakuna feni, hata ndege hazikuruka. Nimekaa mkekani na tasbihi. Nikasikia.

Tak!

Nikatazama mashine. Ilikuwa juu ya kabati, waya wake umeviringwa. Nikangoja. Tak! Kule kushoto, kwenye jiwe la vibibi.

Umeshinda, Baba Nuru. Ubishi wa miaka yote ile umeushinda ukiwa kaburini, na mimi sina hata wa kumwambia nimekubali. Niliinuka nikafunua leso, nikapiga magoti pale na nyeupe zangu, nikasema kwa sauti, "Nani wewe?" Mtu mzima naliuliza jiwe. Wala sikuona kitu. Lakini nilijua jambo moja, kwamba ndani ya nyumba hii kulikuwa na kiumbe kilichokuwa hai ulipokuwa hai, ambacho wewe ulikijua na mimi nikakikataa, na kimekula msiba na sambusa na kikabaki.

Wifi alipokuja na mkokoteni nikamwambia asubiri. Nikamweleza. Akanitazama vile watu wanavyomtazama mjane. Akasema ni mabati, mabati hulia jua likishuka. Nikasema si mabati. Tukapatana hivi: tangi likae mpaka nitoke eda. Nikimwonyesha mpangaji kwa macho, kioo ni changu. Nikishindwa, ni kabati la mahamri, na jiwe lirudi baharini na aliyemo. Tukapeana mikono. Dada yako hapeani mikono mchezo.

Basi nikaanza masomo. Mwalimu ni Kazungu, na shule yetu ungelipa nauli uje uione. Yeye anakaa kibarazani, mimi nakaa ndani, katikati pazia. Hawezi kuingia, mimi siwezi kutoka. Anatibu tangi asiloliona kwa maneno ya mtu asiyejua alitazamalo. "Mama Nuru, maji ni rangi gani?" Ya chai iliyopoa. "Yanuka vipi?" Kama pwani. "Basi ni mazima hayo. Tia mashine." Nikatia mashine. Kuunganisha mipira mitatu kulinimalizia siku nzima, na sebule ikaoga mara mbili. Nilijua sasa kwa nini ulikuwa ukivua viatu kabla ya kugusa kitu.

Maji anayaleta yeye kutoka Likoni, ng'ambo ile ya bahari wazi ambako meli hazitii nanga, bahari ikiwa imejaa. Ya huku kwetu nyuma ya bandari hayataki hata kuyasikia. Anayabeba kwa mitungi, anavuka nayo kwenye feri, na watu wa feri wanamcheka kwamba huyu mzee anavusha bahari juu ya bahari. Hakuniambia yeye, kaniambia mkewe kwenye simu. Nilipomwomba radhi akasema wewe ulifanya hivyo miaka yote kwa baiskeli. Sikujua. Nilidhani maji yalikuwa yakija na gari la kazi.

Kosa langu la kwanza la ufugaji lilikuja upesi. Maji yalikuwa yakipungua kila siku, nami kila siku najazia maji ya bahari, maana nyumba ya bahari si hujazwa bahari? Konokono wadogo wa kwenye kioo wakaacha kutembea. Mlio ukapotea siku mbili tatu, na moyo wangu nao. Kazungu akauliza nyuma ya pazia, "Mama Nuru, mchuzi ukikauka jikoni, chumvi yazidi ama yapungua?" Niliona haya mpaka masikioni, mimi niliyepika harusi za Changamwe nzima. Maji hupaa, chumvi hubaki. Kinachopungua ni maji matamu, na matamu ndiyo ya kurudisha. Akaniambia nitafute alama yako kwenye kioo, usawa wa maji ulipotakiwa kuishia. Nikaitafuta, nikaiona pembeni. Mstari mwekundu mdogo. Baba Nuru, ndiyo rangi yangu ya kucha! Ile niliyoitafuta nyumba nzima kabla ya harusi ya Nuru, mpaka nikamshuku binti wa jirani! Nimekusamehe, lakini ulipaswa kuniambia.

Na humo ndani, mume wangu, kuna mambo. Mimi nilikuwa nikiona samaki tu, na samaki walipokufa nikadhani tangi ni tupu. Kumbe samaki walikuwa wageni, wenyewe hasa walikuwa kwenye mawe. Kuna kitu kama unyoya wa kuku kinachochungulia kwenye kijibomba, na ukikohoa tu kinazama ndani. Nimekuwa nikikohoa makusudi. Kuna mkono mwembamba wenye miba unaotoka chini ya jiwe la kati, unapapasa, unarudi, sijui mwenyewe ana mikono mingapi wala anataka nini. Kuna vikonokono vidogo kama punje za mchele vinavyofagia kioo kwa zamu. Asubuhi moja nikaona doa la kijani lenye midomo, siku ya pili limefunguka kama kitufe cha shati la mtoto, na Kazungu akapiga makofi kule nje, akasema ni tumbawe limerudi, lilikuwa limejikunyata tu. Kitu gani kinaweza kujikunyata wakati wote ule? Kinajuaje wakati wa kufunguka umefika? Ningekuuliza wewe. Sasa naliuliza pazia.

Nikauliza kuhusu mpangaji. Kazungu anasema kwa mlio huo ni kamba, mdogo kama kidole cha mwisho, mwenye gando moja kubwa kuliko kichwa chake, na akilifyatua ndio mlio unatoka. Nikamuuliza, mmoja tu anapiga kelele hivyo, je, wakiwa wengi? Akacheka. Akaniambia kule chini kwenye miamba hakuna kimya hata kidogo, kunatatarika mchana na usiku kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Mimi nimezaliwa kando ya bahari, nimezeeka kando yake, na sikuwahi kujua kuwa bahari inakaanga. Nililala nikiliwaza hilo. Ulijua? Bila shaka ulijua. Mbona hukunisimulia? Au ulinisimulia, nami nilikuwa nashindana na mke mwenza?

Lakini kumwona, sikumwona. Nilijaribu kila namna. Nilibandika uso kwenye kioo mpaka kikawa na alama ya pua. Nilimulika kwa tochi ya simu. Nilimwekea kipande cha pweza mlangoni kwake, kikaliwa, na aliyekila simjui. Siku zikawa zinakwenda, na wifi kila akiondoka anapima tangi kwa kamba ya kufungia mzigo, urefu, upana, anajisemea mahamri mangapi. Nikaanza kuogopa kweli. Sikuogopa kioo, kioo ni kioo. Niliogopa kwamba lile uliloliamini bila kuliona litarudishwa baharini ndani ya jiwe, na mimi nitabaki na swali langu na ukuta mtupu.

Juzi Kazungu akaniuliza ninakaa wapi nikimtazama. Nikamwambia napiga magoti pale pale. Akasema ndiyo sababu. "Anaona kivuli chako, Mama Nuru. Mwenzangu alikuwa akikaa mbali, kwenye kiti, na taa ya tangi azima. Kaa hivyo hivyo."

Kiti chako nilikuwa sijakikalia. Sijui kwa nini. Nilikuwa nakifuta vumbi nakirudisha. Jana jioni nikakikalia. Nikakiweka pale pale miguu yake ilipochora sakafu, nikazima taa ya tangi, sebule ikawa na kiza chepesi. Nyuma yangu jikoni taa inawaka, wifi anapika wali. Nikatulia. Kwa kuwa mgongo wa tangi uliupaka rangi nyeusi, ukasema samaki hupendeza kwenye weusi, kioo kilikuwa kama kisima. Nikatazama jiwe la vibibi. Nikatazama. Na pole pole, juu ya jiwe, kiooni, nikaona taa ya jikoni. Nikaona mlango. Nikaona sufuria, na wifi amejiinamia, anaangaza huku na huku, anakwangua.

"Wifi," nikasema bila kugeuka, "niachie ukoko na mimi."

Kijiko kikaanguka. "Yallah! Weye umejuaje?"

Na mdomo wangu, Baba Nuru, mdomo wenyewe, sikuutuma, ukasema, "Samaki wameniambia."

Sijui nilikaa vipi baada ya hapo. Nilishika mikono ya kiti. Wifi alikuja akanikuta nalia na nacheka, akadhani wazimu umeniingia, sasa ni wa kupelekwa kwa shehe. Nikamkalisha kwenye kiti, sikumweleza, nikaingia jikoni mwenyewe. Nikasimama pale ninaposimama siku zote, kati ya jiko na kabati la vyombo. Nikapanda kwenye stuli yenye mguu mbovu. Nikainua kijiko cha chumvi. Nikamuuliza, "Waniona?"

"Nakuona mwili mzima," akasema. "Nakuona mpaka hereni. Kwani nini? Shuka hapo utaanguka!"

Nikashuka. Niliegemea mlango. Mwili mzima, mpaka hereni. Miaka yote ile. Nikiimba nikiwa nimekasirika, nikijifunga leso upya, nikimtia Nuru tonge, nikisukuma chapati, nikilia kwa kitunguu na siku zile nilizolia bila kitunguu, ukiuliza kwa mgongo, "Ni kitunguu hicho?" Ulikuwa umekaa hapo.

Nilikuwa bado pale mlangoni ndipo dada yako akapiga ukelele uliotoa majirani. Amesimama juu ya kiti chako kama aliyeona panya, kidole kimeelekea kioo. "Yuko! Wallahi yuko! Katoka na gando lake, kachukua kijiwe, karudi nacho ndani! Ana adabu zake, kaziba na mlango!" Nikakimbia. Nikafika. Nikaona mchanga unatulia.

Sikumwona. Unasikia? Kamwona Mwanaisha, ambaye hakuamini hata dakika moja, na mimi niliyepiga magoti eda nzima sikumwona! Lakini mkataba ni mkataba, na shahidi ni yeye mwenyewe. Leo asubuhi amekwenda kwa fundi wa vioo kuagiza kabati lake, na kabla hajaenda alipitia hapa, hakunisalimia mimi kwanza, alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe. Anasema mpangaji anafanana na marehemu mama yenu, kwa kutopenda wageni.

Basi swali langu nimelipatia jibu, au limegeuka likawa lingine. Sikuulizi tena ulikuwa unaangalia nini. Nakuuliza ulikuwa unazima taa ili umwone nani. Ulianza kwa mpangaji ukanikuta mimi kwa bahati? Au mpangaji alikuwa kisingizio? Na mbona hukusema? Nahisi nakujua. Ungesema, ningeanza kujiangalia. Ningevaa vizuri kuingia jikoni, ningeacha kuiba ukoko. Ulitaka kuniona nikiwa sijui kama naonekana, vile vile ulivyotaka kumwona yeye. Sina hakika. Nitabaki sina hakika, na nimegundua hilo halinisumbui kama nilivyodhani.

Kinachoniuma nikuambie. Leo nimekaa hapa tangu alasiri. Wifi hayupo, jikoni hamna mtu. Nimetazama kioo na kimenionyesha mlango, taa, stuli, na hakuna anayepita. Nimekukosa, Baba Nuru. Nimekukosa na nimejikosa mimi wa pale jikoni, ambaye ulikuwa ukimwangalia.

Eda inakwisha karibu. Nikitoka, safari yangu ya kwanza si sokoni. Kazungu na mkewe watanipitia twende Likoni, nami nitashika mtungi wangu, nivuke nao kwenye feri wanicheke. Ataniingiza majini mpaka kifuani na leso yangu, nitie kichwa ndani, nisikie bahari inavyokaanga. Kisha samaki wa kwanza aliyekosa ndege akipatikana, atakuja kulala hapa. Mahamri hatapewa na mtu.

Na Nuru anakuja na mtoto wake. Nakuahidi hivi: kiti sitakisogeza. Nitamkalisha hapo jioni, nitazima taa ya tangi, nimwambie amtafute mpangaji, halafu niingie jikoni nipike wali wa nazi kama kawaida yangu. Sitamwambia lingine lolote. Akiniita bila kugeuka, nitajua ameona.

Pumzika kwa amani ya Mola wako, baba wa mwanangu. Mke mwenzangu nitamtunza. Nimesikia mlio sasa hivi, lakini sikutazama jiwe, nilikuwa natazama mlango wa jikoni.

Wako wa jikoni,
Rukia